Namna ya kulitumia neno "get" bila kulitafsiri kila mara kama "pata"

Mfanyabiashara mmoja wa hapa Lubumbashi, ambaye huagiza vipuri vya malori kutoka Ndola nchini Zambia, alipokea ujumbe wa simu kutoka kwa muuzaji wake uliosema: "I'll get back to you." Kamusi yake ndogo ilimweleza kwamba "get" ni kupata na kwamba "back" ni nyuma au kurudi, naye akahitimisha kwamba muuzaji yule angerudi kwake, akaahirisha safari ya Likasi, akashinda dukani siku mbili, akanunua hata kuku wa kumkaribishia mgeni. Mgeni hakuja, kwa sababu hakuwa ameahidi kuja. Alikuwa amesema tu kwamba atajibu baadaye, na katika lugha ya biashara maneno hayo, yasipofuatwa na siku wala saa, huwa mara nyingine njia ya adabu ya kumwambia mtu asitegemee sana jibu.

Kuku aliliwa na watoto, kwa hiyo hasara haikuwa kubwa. Lakini kisa hicho nimekikumbuka mara nyingi katika madarasa ya jioni ninayofundisha huko Katuba, kwa kuwa karibu kila mwanafunzi wangu, awe dereva wa mpakani Kasumbalesa, mama anayeleta bidhaa kutoka Kitwe au kijana anayetafuta kazi katika kampuni za madini, hukwama mahali palepale. Anajua maneno magumu ya Kiingereza ambayo hata mimi nilichelewa kuyajua, ila neno hili la herufi tatu, ambalo watoto wa Waingereza hulisema kabla ya kuota meno yote, linamshinda.

Sababu ya kushindwa ni kwamba analitafutia maana moja. Anayeanza na "pata" mkononi atafanikiwa mara tatu au nne, kisha atapotea. Na anayejaribu kukariri maana zote zilizoorodheshwa katika kamusi atachoka kabla ya kufika nusu ya ukurasa. Wala si neno pekee la namna hiyo, kwani toleo la mwaka 1989 la kamusi kubwa ya Oxford liliipa "set" maana zipatazo 430, na wahariri wake walipoipitia upya kazi hiyo katika karne hii wakahesabu maana 645 za kitenzi "run" peke yake. Hakuna Mwingereza aliyezikariri. Anachofanya, bila kujua kwamba anakifanya, ni kutazama neno linalofuata.

Sisi nasi hufanya hivyohivyo kila siku. Tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga pasi, tunapiga deki, tunapiga hodi, tunapiga kura na tunapiga magoti, na katika hayo yote hakuna anayeumizwa. Mgeni aliyefundishwa kwamba "piga" ni kuchapa angedhani kwamba watu wa mji huu wana ugomvi wa kudumu na simu zao. Wewe hupati shida hiyo kwa sababu sikio lako haliamui maana ya "piga" mpaka lisikie kinachofuata. Lisikilize "get" kwa sikio hilohilo: usiitafsiri unapoifikia, ivuke kwanza, utazame kilichosimama mbele yake, kisha urudi.

Kikisimama kitu

Ikiwa mbele ya "get" kuna jina la kitu, uko karibu na nyumbani, na "pata" itakusaidia mara nyingi. "I got your message" ni nimepata ujumbe wako, "she got a job" ni amepata kazi, na hata "he got malaria" ni amepata malaria, au ameshikwa na malaria kama tunavyopenda kusema. Kitu kikiwa ni maneno au fikra, maana huwa kuelewa: "I don't get it" ni sielewi, jambo lisilopaswa kumshangaza mtu ambaye mwenyewe husema "nimekupata" akiwa na maana kwamba amefahamu alichoambiwa.

Angalia hata hivyo ni nani anayehama. Mtu akikuambia "get me a chair", hakutumi upate kiti, anakutuma ukilete. Na simu ikilia kisha mtu akasema "I'll get it", anajitolea kuipokea, kama ambavyo mlango ukigongwa maneno hayohayo humaanisha kwamba ataufungua yeye. Akikuambia "let's get a taxi", yeye na mkazi wa Lubumbashi anayesema tukamate taksi wametumia njia moja, na wote wawili hawana nia ya kumkamata dereva.

Kikisimama mahali

Mbele ya mahali, "get" ni kufika. "We got to Likasi at noon" ni tulifika Likasi saa sita mchana. Kosa la kawaida hapa si la maana, ni la lile neno dogo "to". Wanafunzi wangu huandika "get to home", "get to here", na Mwingereza huona kwamba neno limezidi. Kanuni yake ni rahisi kwa msemaji wa Kiswahili kuliko kwa msemaji wa Kifaransa: maneno "home", "here" na "there" tayari yana mahali ndani yake, kama "nyumbani", "hapa" na "pale" yalivyo. Kwa kuwa hatusemi kufika katika nyumbani, na Mwingereza naye hasemi "get to home". Anasema "get home", basi. Jina la mji au la jengo, ambalo halina mahali ndani yake, ndilo linalohitaji "to".

Kikisimama kivumishi

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi zaidi darasani, kwa sababu ndipo Kiswahili kinapomsaidia mwanafunzi kuliko kitabu chochote cha sarufi. Mbele ya neno la hali, kama "tired", "old", "angry", "wet" au "drunk", neno "get" linataja badiliko, yaani kuingia katika hali hiyo. Kiingereza hakina vitenzi vingi vya kubeba mabadiliko ya aina hiyo, kwa hiyo huchukua kivumishi na kukiegemeza juu ya "get". Sisi tunavyo tele: kuchoka, kuzeeka, kukasirika, kulowa, kulewa, kunenepa, kukonda. Kwa hiyo "get tired" yote, maneno mawili, ni kitenzi kimoja: choka. Ukijaribu kuyatafsiri kila moja peke yake utapata "pata uchovu" na "pata hasira", ambayo hayana kosa, lakini yatakufanya usahau kwamba Kiswahili kilikwisha kulitengenezea jambo hilo kitenzi chake.

Tofauti kati ya "get" na "be" nayo huwatesa watu bila sababu, ilhali tunayo katika viambishi vyetu vya wakati. "I am tired" ni nimechoka: badiliko limekwisha, hali imebaki. "I'm getting tired" ni ninachoka, au naanza kuchoka: badiliko linaendelea. Vivyo hivyo "he is drunk" ni amelewa, na "he is getting drunk" ni analewa, na tofauti ya hizo mbili ina faida kwa yeyote anayetaka kumnyang'anya mtu funguo za gari kwa wakati unaofaa. Hebu chukua vitenzi kumi vya hali, uviseme kwa "-me-" na kwa "-na-", kisha uandike kando "be" kwa vya kwanza na "get" kwa vya pili. Zoezi hilo la robo saa limewafaa wanafunzi wangu kuliko kurasa nyingi za maelezo.

Kwa waliosoma shule kwa Kifaransa, nao ndio wengi wetu, kuna daraja la pili. Vitenzi vya Kifaransa vinavyotanguliwa na "se" mara nyingi huenda kwa Kiingereza kupitia "get": "se perdre" ni "get lost", "s'habiller" ni "get dressed", "s'énerver" ni "get angry", "se marier" ni "get married". Hilo la mwisho lina jambo la pembeni linalonifurahisha. Kitenzi chetu "oa" humlazimisha msemaji aseme kama ni mwanamume aliyeoa au mwanamke aliyeolewa, na bibi zetu wangekusahihisha mara moja ukikosea. "Get married" haijali ni nani, wote wawili wanaingia kwa mlango mmoja. Na angalizo: "we got lost" ni tulipotea njia, lakini "get lost!" inayotamkwa peke yake kwa sauti ya juu ni tusi la kumfukuza mtu, wala usiitumie kumshauri mgeni.

Likisimama tendo lililotendwa

Mara nyingine kinachofuata ni kitenzi katika umbo la kutendwa, kama "paid", "robbed", "fired" au "stuck". Hapo "get" hufanya kazi ya "-wa" yetu, au ya kitenzi cha hali, kama "kwama", kinachoonyesha kwamba jambo limempata mtu au kitu: "we got paid" ni tulilipwa, "he got fired" ni alifukuzwa kazi, "the truck got stuck" ni lori lilikwama. Mtu anaweza kuuliza kwa nini basi Waingereza wasiseme "was paid" wakamaliza. Wanasema pia, lakini "get" ina ladha ya tukio, la heri au la shari, linalomwangukia mtu, na ni ya mazungumzo. Haifai kwa taarifa tulivu za historia. Andika "Lubumbashi was founded in 1910", usiandike "got founded", kwani msomaji atacheka kana kwamba mji ulipatwa na ajali.

Sasa ongeza kitu katikati, uone kiambishi kingine cha Kiswahili kikijitokeza. "I got the truck repaired" haisemi kwamba nililitengeneza lori kwa mikono yangu. Inasema nililitengenezesha, yaani nilimpa fundi kazi hiyo. "Get the papers stamped" ni gongesha hati muhuri. "She got a dress made" ni alishonesha gauni. Kila unapoona "get", kisha kitu, kisha tendo lililotendwa, jaribu kwanza "-isha" au "-esha". Ila umbo hilohilo hutumika pia kwa mikasa: "I got my phone stolen" ni niliibiwa simu, na hakuna mwenye akili atakayeielewa kwamba niliagiza simu yangu iibwe. Hapa sarufi haitakusaidia, utatumia busara, kama unavyoitumia kwa Kiswahili.

Akiwa katikati ni mtu, na baada yake kuna "to", maana ni kumfanya mtu akubali. "I got the driver to wait" inaonyesha kwamba nilimwomba, nikambembeleza, pengine nikamnunulia soda, mpaka akangoja. Ukisema "I made the driver wait" umemlazimisha, na "I had the driver wait" umemwagiza kwa kuwa yuko chini ya amri yako. Kiswahili kinaweza kuzimeza zote tatu katika "nilimngojesha", kwa hiyo mwanafunzi asipoangalia anamwandikia mteja wa Zambia kwamba alimlazimisha dereva wake, wakati alimwomba kwa upole.

Nacho, ninacho, niko nacho

"I've got" ina maana ya kuwa na kitu, wala haina kupata ndani yake. Walimu wengi huieleza kwa shida, nami huieleza kwa sentensi moja ya mjini kwetu. Vitabu huandika "nina pesa", na mtu wa Lubumbashi husema "niko na makuta". Maneno yameongezeka, maana ni ileile. "I have money" na "I've got money" zinatofautiana kwa namna hiyo: ya kwanza inakaa vizuri kwenye karatasi, ya pili inakaa vizuri mdomoni. Mmarekani ana jambo lake zaidi, kwani yeye hutofautisha "I've got" kwa maana ya ninacho na "I've gotten" kwa maana ya nimekipata. Mwingereza wa leo hutumia "got" kwa yote mawili.

Mtego uko jirani. "I've got to see the manager" ni lazima nimwone meneja. "I got to see the manager" ni nilipata kumwona meneja, na tazama jinsi Kiswahili kinavyosema neno kwa neno kitu kilekile. Tofauti yake ni ile "'ve" ndogo, ambayo wasemaji wenye haraka huimeza kabisa, na mara nyingi "got to" yenyewe hugeuka "gotta". Ukisikia "I gotta go", hajapata kwenda, analazimika kwenda. Katika simu yenye mawimbi mabaya, uliza tena, hakuna aibu.

Vijineno vya nyuma

Baada ya hapo linakuja kundi la "up", "on", "off", "over", "by", "through" na wenzao, ambalo vitabu hulikuza mpaka likatisha. Mengi hujieleza: "get up" ni kuamka au kuinuka, "get through" ni kupita au kumpata mtu kwenye simu, "get along" ni kuelewana, "get over" ni kupona ugonjwa au kuondokewa na huzuni. "Get by" ni kujikimu kwa kidogo ulichonacho, na kwa Mkongomani haihitaji maelezo marefu: ni ile "Article 15" yetu, yaani kila mtu ajitafutie njia mwenyewe. "Get away with" ni kufanya kosa na usiadhibiwe, na haina neno moja la Kiswahili, ingawa jambo lenyewe lipo.

Vyombo vya usafiri vina kanuni yake. Chombo ambacho unaweza kusimama na kutembea ndani yake, kama basi, treni, meli au ndege, hupandwa kwa "get on" na kushukwa kwa "get off". Gari dogo ambalo huingia kwa kuinama na kukaa, kama taksi, ni "get in" na "get out". Pikipiki na baiskeli, kwa kuwa unakaa juu yake, hurudi kwenye "on". Kuhusu mabasi madogo ya mjini, ambayo ni basi kwa jina na ambayo ndani yake hakuna binadamu aliyewahi kunyoosha mgongo, nimesikia yote mawili, na sitamsahihisha mtu.

Mahali pa kuliacha

Neno hili Waingereza walilichukua kwa watu wa Skandinavia, ambao mashua zao zilianza kuwavamia mwishoni mwa karne ya 8 na ambao baadaye wakakaa mashariki na kaskazini ya nchi. Kwao lilikuwa "geta". Mwaka 1066 Wanormandi wakaiteka Uingereza, na katika karne zilizofuata Kifaransa kikaingiza maneno yake ya mahakamani na ofisini. Ndiyo maana hadi leo kwa kazi nyingi za "get" kuna neno la heshima lenye sura ya Kifaransa: "receive", "obtain", "acquire", "arrive". Mtoto wa Lubumbashi aliyepita shuleni anayafahamu hayo kabla ya kufungua kamusi, na matokeo yake huzungumza Kiingereza kama barua ya serikali. Kumwambia rafiki "I obtained a taxi and arrived at my residence" si kosa la sarufi, lakini rafiki atadhani unamtania.

Kwa hiyo gawa hivi: mdomoni na katika ujumbe wa simu, tumia "get" bila woga, katika barua ya kuomba kazi, mkataba au malalamiko rasmi, tumia yale yenye sura ya Kifaransa. "I got your letter" kwa ndugu, "I have received your letter" kwa mkurugenzi. Jihadhari na neno moja tu la kundi hilo. "Demander" ya Kifaransa ni kuomba, lakini "demand" ya Kiingereza ni kudai kwa ukali, na mteja anayemwambia muuza duka wa Chililabombwe "I demand a receipt" ameanzisha ugomvi bila kukusudia. Aseme "Can I get a receipt?", au, akiwa mbele ya mtu mzima, "May I have a receipt, please?", ambayo ina adabu zaidi.

Jaribu sasa ujumbe huu, ambao nimeutunga kwa mtindo wa zile wanafunzi wangu wanazoniletea. Ufunike mstari unaofuata kwa kidole, uutafsiri mwenyewe kwanza: "Got your message. I'm getting the papers stamped now. If I get held up at the border I'll get someone to call you, otherwise I'll get back to you by five. Get home safely."

Ujumbe wako nimeupata. Sasa hivi ninagongesha hati muhuri. Nikicheleweshwa mpakani nitamwomba mtu akupigie, la sivyo nitakujibu mwenyewe kabla ya saa kumi na moja jioni. Ufike nyumbani salama. Hesabu: "get" ziko sita, na "pata" imetokea mara moja.